Siku ya Nne ya Msiba wa Choolwe

Bomani, 3 Aprili 1958

Mjomba Siankope,

Nakupigia makofi ya salamu nikiwa huku mbali, na naamini yatakufika. Sisi ni wazima. Eseli, mke wangu, anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anauma kila kinachopita mbele yake, hata shati langu la kazi. Baridi ya huku milimani imeanza. Je, mama anaendeleaje? Nilipopita huko mwezi wa kwanza nilimwacha na kikohozi. Mwambie apunguze kile kiko chake cha kibuyu, ingawa najua atanicheka.

Nimechukua kalamu kwa sababu ya kuhama. Ukuta wa bwawa uko karibu kwisha, na ukiisha mto utajaa mpaka miguuni pa milima. Siamuloba yote itakuwa chini ya maji. Malori yatakuja mwezi wa saba. Chifu amekwisha kukubali mbele ya Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa mkalimani siku ile, kwa hiyo najua ninachokisema. Mtapelekwa Mabwe. Nimekwenda kupaona. Ardhi ipo, na maji ya bomba yatawekwa.

Mjomba, jina lako limetajwa. Wanasema vijiji vingine vinakungoja wewe, kwa kuwa wewe ndiye mwenye malende, pale petu pa kutambikia mvua, na hakuna anayepanda wala kuhama kabla yako. Bwana Shauri aliniuliza, "Huyu mzee ni mtu wa namna gani?" Nikamwambia ni mtu mwenye akili. Usinifanye niwe mwongo. Wewe ulifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe na ukajifunza kusoma huko. Wewe si kama wale wanaodhani mto utauvunja ukuta kwa hasira. Waambie watu wafunge mizigo.

Mimi mpwa wako,
Fanuel


Siamuloba, 27 Aprili 1958

Munsaka,

Namwandikia Munsaka, aliyezaliwa dunguni mama yake akifukuza ndege kwenye mtama. Huyo Fanuel simjui. Kama barua hii imefika kwake kwa makosa, aikunje airudishe.

Huku tumevuna. Uwele ni mwingi mwaka huu, na bustani za ukingoni tumezipanda tena mara maji yaliposhuka. Viboko wameingia kwenye bustani ya Hamudulu. Amewapigia ile pembe yake kubwa anayoongozea wapiga pembe wenzake, nao wakaendelea kula wakimtazama. Tumemcheka siku tatu. Mama yako anakusalimu.

Sasa nikuulize. Unasema chifu amekubali. Hamudulu alikuwapo siku hiyo, amekaa nyuma ya chifu, na masikio yake hayana ugonjwa. Mzungu alisema maneno yake marefu. Wewe ukayageuza kwa lugha yetu. Chifu akajibu neno moja, "Tumesikia." Hilo tu. Mtu akija kukuambia atakuvunjia nyumba unamjibu umesikia, kwa sababu huna uziwi. Kisha wewe ukamgeukia mzungu, na mzungu akacheka, akampa chifu mkono, akaandika. Ulimwambia nini, Munsaka? Nimekaa na neno hilo mwezi mzima na nataka unijibu wewe.

Na huyo chifu ni nani? Kofia yake amepewa na boma. Anaweza kutoa kofia. Malende hawezi kuyatoa, kwa sababu si yake, wala si yangu. Mimi kazi yangu ni kuyafagia na kutia mbegu ya kwanza pale, kama alivyotia mjomba wangu na mjomba wake. Siku moja, kwa desturi yetu, kazi hiyo ingekuwa yako, wewe mtoto wa dada yangu. Unasema nifunge mzigo. Mahali hapafungwi mzigo. Hata kama ningebeba kila jiwe la pale, ningekuwa nimebeba mawe.

Vile vigingi vyeupe ambavyo watu wenu walichomeka kuonyesha maji yatafika wapi, wanawake wameving'oa wakapikia. Wanasema vinawaka vizuri sana. Mwambie Bwana Shauri alete vingine.

Siankope


Bomani, 19 Mei 1958

Mjomba,

Salamu. Mtoto alikuwa na homa, amepona. Eseli ana mimba nyingine. Hayo ndiyo ya nyumbani kwangu.

Unataka jibu, chukua. Nilimwambia, "Chifu amekubali." Ndiyo, nilisema hivyo. Nje ya uzio walikuwa wamekaa askari kumi na wanane na bunduki zao, nyinyi hamkuwaona. Kama ningesema "amesikia", Bwana Shauri angeuliza, "Amesikia, na anasemaje?" Chifu angenyamaza, kama anavyonyamaza siku zote, na jua lingetua kukiwa na maiti chini. Nilichagua neno ambalo lingewarudisha nyumbani na miguu yenu. Unanitukana kwa kukuokoa.

Na usinirithishe kwa barua. Nilipelekwa misheni nikiwa na miaka saba kwa sababu wewe mwenyewe ulisema mmoja wetu ajue wazungu wanaandika nini. Nimejua. Wameandika kwamba mnahama. Wewe unafagia kichaka na kukiita kazi. Mimi kazi yangu inalisha watu, na ndiyo iliyokuletea blanketi unalojifunika.

Vigingi vimewekewa amri sasa, anayeng'oa atafungwa. Kuna amri nyingine pia, nimeigeuza mimi kwa lugha yetu: hakuna mikusanyiko, hakuna ngoma wala pembe katika bonde lote mpaka kuhama kuishe. Isomeni. Imebandikwa kwenye duka la Sinamwele.

Nimeuliza habari za mama nikajibiwa kwamba ananisalimu. Sikuuliza salamu. Nimeuliza kifua chake. Mlete huku, hospitali ipo, nitatuma mtu wa kumpokea barabarani.

Fanuel


Siamuloba, 8 Juni 1958

Munsaka,

Sisi wazima. Uzazi wa mkeo uwe mwema.

Mama yako hapandi lori. Amesema hivyo kwa mdomo wake, na meno yake ya mbele hayapo, kama inavyotakiwa kwa mwanamke wetu, kwa hiyo neno lake halina kitu cha kulizuia njiani. Amesema na mengine, lakini hayo si ya kupitia kwa tarishi.

Amri yenu tumeisoma. Umeandika vibaya neno "ngoma". Umeliandika kama watu wa misheni wanavyolitamka.

Lile blanketi nimempa Hamudulu. Analitandika chini ya kuku wanaoatamia.

Siankope


Kambini, juu ya kilima, 10 Julai 1958

Mjomba,

Sina nafasi ya salamu. Niko hapa juu yenu na Bwana Shauri na askari. Mkitazama mtaona mahema. Malori yako nyuma yetu.

Ngoma zenu tumezisikia jana kutwa na leo tangu asubuhi, na pembe, na tunaona wanaume wanakimbia na mikuki huku vumbi likipanda. Bwana Shauri ameniuliza ni ngoma za nini. Nimemwambia ni za vita. Sasa ni juu yako. Zinyamaze kabla ya kesho saa nne asubuhi, watu waweke mikuki chini, wakae mbele ya nyumba zao. Zisiponyamaza, watashuka.

Tarishi anangoja jibu. Mpe.

Fanuel


Mabwe, 30 Agosti 1958

Munsaka,

Tumefika huku ulikotuchagulia. Salamu za watu sina, kwa sababu hawajanituma. Maji ya bomba hatujayaona. Kuna kisima kimoja, maji yake yana chumvi, yanawaharisha watoto. Udongo ni mwekundu na mgumu, jembe linaruka. Nyumba zetu ni za matawi. Wanawake wanakwenda kukaa juu ya mwinuko jioni wakitazama upande wa mto, ambao hauonekani kutoka hapa.

Uliuliza habari za mama yako mara mbili. Leo nakujibu. Mama yako Choolwe, dada yangu wa tumbo moja, alikufa tarehe 8 Julai. Kifua. Alikuwa hawezi kulala chali tangu mwezi wa tano. Tulimzika kesho yake asubuhi kando ya mlango wake, na tukaanza msiba wake kama unavyofanywa: ngoma, pembe, wanaume wakikimbia na mikuki kukifukuza kifo. Siku nne. Ulizaliwa na watu hao, Munsaka. Ulikuwa na miaka mitano tulipomlilia bibi yako hivyo hivyo, ukakimbia nyuma yangu na kijiti mkononi.

Karatasi yako niliipokea nimesimama karibu na kaburi, udongo wake haujakauka. Tarishi alisema, "Mzee, nimpelekee neno gani?" Ningeweza kumwambia, "Mwambie ni mama yake." Hayo tu yangetosha, naamini, hata mzungu angengoja. Sikuyasema. Nilifikiri hivi: mtu anayesikia msiba kwao asiulize aliyekufa ni nani, mimi simwambii. Nikamwambia tarishi aende zake.

Siku ya tatu walishuka. Hamudulu alikuwa mbele na pembe mdomoni, hakuwasikia wakipiga kelele asimame. Risasi ilimwingia pajani. Alikufa ndani ya lori lililotuleta, kichwa chake kikiwa mapajani pa mkewe, na dereva alikataa kusimama tumshushe. Ngoma zote walizivunja kwa vitako vya bunduki. Mimi walinibeba wanne kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mama yako ameachwa kule na siku ya nne haikupigwa. Yuko nusu. Hajafika kwa wenzake wala hayupo kwetu.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni kosa langu, sitalificha kama wewe unavyoficha yako. Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba mama yako alisema mengine. Alisema, "Mwambie nakufa, aje." Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika kwa sababu sikutaka kukubembeleza.

Usije huku. Mke wa Hamudulu anajua sura yako.

Siankope


Bomani, 21 Oktoba 1958

Mjomba,

Barua yako ilinifikia mwezi wa tisa. Nimeanza kuijibu mara nyingi. Eseli alizaa mapema, mtoto wa kike, hakuishi. Siandiki ili unihurumie, naandika kwa sababu ni habari ya ukoo na wewe ndiye mkubwa wake.

Unadhani sikujua. Ndivyo nilivyoielewa barua yako, kwamba misheni imenitoa masikio. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa nafuu. Mjomba, nilijua. Zilipoanza tu, siku ya kwanza, kabla Bwana Shauri hajatoka hemani, nilijua ni msiba. Mguu wangu wenyewe ulianza kuzifuata. Bwana Shauri alipouliza, nilikuwa na neno sahihi tayari mdomoni. Nikahesabu: nikisema msiba, atangoja siku nne, labda tano, kwa kuwa si mtu mbaya, na sisi tulikwisha kukaa hemani siku kumi na mbili bila sabuni. Nilitaka iishe. Nilitaka kurudi nyumbani. Nikasema vita. Nilidhani kafa mzee fulani. Nilidhani, ukitaka kujua, kwamba huenda ni wewe.

Wala sikuuliza. Tarishi aliporudi bila jibu nilishukuru, kwa kuwa jibu lingeniongezea kazi.

Nilibaki juu kilimani wakati wanashuka. Nilisikia ile pembe kubwa ikinyamaza katikati ya pumzi. Sikumwona Hamudulu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea.

Haya ndiyo niliyonayo. Sisemi nisamehe. Bado nafanya kazi bomani kwa sababu sijui mahali pengine pa kwenda asubuhi.

Munsaka


Mabwe, 24 Novemba 1958

Munsaka,

Nimepokea. Pole kwa mtoto wa kike. Angeitwa Choolwe.

Nimeisoma barua yako peke yangu, sikumsomea mtu. Ulijua. Basi. Mpumbavu ningemfundisha. Wewe sijui nikufanyeje.

Watu wanakufa hapa. Wanawake watatu na watoto tisa tangu mvua ya kwanza, wanaanguka asubuhi na jioni hawapo. Daktari wa serikali amekuja, ametazama ulimi, amekwenda. Mvua imenyesha na hakuna aliyepanda. Wamekaa na mbegu zao mapajani. Nimewaambia pandeni, wananijibu, "Wewe umepanda wapi, mzee?" Wana haki. Mbegu ya kwanza haijatiwa.

Wapo waliosema nitafute kichaka huku nikiite malende. Ningefanya hivyo ningekuwa mkalimani kama wewe.

Nitashuka. Tunakwenda watu sita, kwa miguu, siku tatu. Najua mmetangaza kwamba anayerudi bondeni atafungwa, na najua mto tayari umetoka kwenye kingo zake, na boti ya Bwana Shauri inapita ikitazama. Nitafika pale, nitafagia, nitatia mbegu kabla maji hayajafika. Ikichipua kidogo tutachukua miche na udongo wa shina, hayo ndiyo yatakayopandwa huku kwanza. Mahali hapahami, lakini kilichoota pale kinaweza kutembea. Nimeliwaza jambo hili tangu Agosti na sijaona njia nyingine.

Nakuandikia wewe kwa kuwa wewe ndiye unayekaa ndani ya boti hiyo. Sikuombi msaada wako, tumekwisha kuuonja. Nataka unyamaze.

Siankope


Kwa Eseli, kijijini kwao, 17 Januari 1959

Mjomba,

Nakupigia makofi. Sisi wazima. Mtoto anatembea, anaangusha vyungu vya watu.

Naandika kukupa anwani yangu mpya tu. Sipo bomani tena tangu wiki ya Krismasi. Usiniulize sababu, si kitu kikubwa. Tunakaa kwa wazazi wa Eseli, ambao wananivumilia. Baba mkwe ananiuliza kila siku kama najua kukamua ng'ombe, na kila siku namwambia nitajifunza kesho.

Mvua huku ni nzuri. Huko je?

Munsaka


Mabwe, 9 Februari 1959

Munsaka,

Salamu zako nimezipata. Watu wameacha kufa, angalau mwezi huu. Mke wa Hamudulu ameota mgongo wa kazi kama wa mwanaume. Amelima pake na pa jirani yake.

Umesema nisiulize sababu. Sikuulizi. Nakuambia mimi.

Tulikuwa pale siku ya kumi na moja. Mtama ulikuwa umetoka vidole vitatu, na maji yalikuwa yamefika kwenye mlango wa mama yako. Tuliingia kwenye mikwaju tuliposikia ile boti, tukaacha moto wetu ukifuka. Mlizima injini. Sauti inatembea sana juu ya maji, Munsaka, labda wewe husahau hilo kwa kuwa umezoea kusikika. Tulimsikia mzungu akisema kwamba ameona vitu vinasogea. Mimi Kiingereza cha machimboni kinanitosha. Akakuuliza, "Ni nini vile?" Mmoja wetu tayari alikuwa ameshika mkuki, nikamkanyaga mguu. Kisha ukasema, "Ni nyani, bwana." Akasema, "Nyani wanaowasha moto?" Ukamwambia, "Nyani wa huku ndivyo walivyo."

Umetuita nyani. Mimi mjomba wako, na wanaume watano wenye wake na watoto. Boti ilipokwenda tulikaa chini tukacheka mpaka mmoja akatapika, na tulikuwa hatujacheka tangu Julai. Nasikia baadaye mzungu alirudi akaona nyayo na shamba lililofagiliwa, na nyani hawana fagio. Kwa hiyo najua kwa nini hupo bomani.

Tulichukua miche arobaini. Imefika kumi na tano. Niliitia ardhini hapa mbele ya watu wote, na siku hiyo hiyo kijiji kizima kilipanda. Wamechelewa, watavuna kidogo. Malende yenyewe yako chini ya maji sasa, na mama yako pia. Nilikaa hapo mpaka maji yakanifika magotini, kisha nikatoka.

Usidhani tumepatana. Hamudulu bado amekufa, na neno moja la nyani halijazi kaburi. Mkewe nimemwambia habari ya boti. Hakucheka. Alisema, "Aje nimtazame." Sijui maana yake, na sikumuuliza.

Siku ya nne haijapigwa. Vijana wamechonga ngoma mpya, ngozi zinakauka. Lakini msiba uliokatizwa haufungwi bila pombe, na pombe ya kumfunga mama hupikwa kwa mtama wa mtoto wake mwenyewe, alioulima kwa mkono wake. Hana mtoto mwingine. Nimekupimia kipande karibu na mawe, kibaya kuliko vyote, hakuna aliyekitaka. Kitakutoa damu mikononi, na hutavuna mwaka huu, labda hata ujao. Tutangoja. Mlete Eseli na mtoto.

Njoo na jembe lako. Langu sikuazimi.

Siankope